Kipimo cha Siku Saba

Mume wangu anaitwa Siku Saba, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na vijana wanaomfuata kwenye simu, kwa sababu haisifii nguo kabla hajaivaa siku saba mfululizo. Si sita. Ukimwambia sita zinatosha anakutazama kama mtu aliyeambiwa chakula kimeiva na sufuria bado haijapata moto.

Nianze na kazi yake, maana hata ndugu zangu wengine hawaielewi. Wanadhani nimeolewa na mtu wa kujipiga picha. Chumba chetu cha mbele kinatazama barabara. Humo kuna bomba moja la chuma limening'inizwa darini, na kwenye bomba kuna hanga kumi na mbili. Kumi na mbili tu. Nguo za kiume zote anazichagua mwenyewe: nyingine anaziokota kwenye marobota ya mitumba, nyingine anazitoa kwa mafundi wadogo ambao hakuna anayewajua. Kila Jumapili anaipiga picha ile iliyomaliza siku zake saba, ameivaa mwenyewe, kuanzia shingoni hadi magotini, uso hauonekani. Chini yake anaandika maneno machache. "Suruali hii ni pana lakini haikufanyi bendera. Mfuko wa kulia ni mfupi, funguo zitadondoka. Vaa." Au anaandika neno moja: "Acha." Makarani, madereva, mabwana harusi na vijana wanaotafuta kazi wanalisubiri neno hilo kama majibu ya mtihani.

Hapokei zawadi. Duka moja kubwa liliwahi kumletea sanduku zima la fulana zenye jina la chapa limeandikwa kifuani kwa herufi za kusomwa ng'ambo ya barabara. Akalirudisha siku hiyohiyo na kikaratasi: "Ukuta ukiandikwa tangazo, mwenye ukuta hulipwa. Mimi naambiwa nishukuru?" Kikaratasi hicho walikipiga picha wenyewe wakakisambaza kwa hasira, na wafuasi wake wakaongezeka maradufu. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Ukali huu ulianza zamani, alipokuwa muuzaji katika duka la suti. Siku moja aliinama kumpima mteja urefu wa mguu, na suruali yake mpya, ya jina kubwa, ikapasuka nyuma toka mshipi hadi chini. Mteja alikuwa na wakwe zake. Mume wangu anasema siku ile alielewa kwamba nguo haisemi ukweli kwenye hanga, inasema ukweli ukiinama.

Sasa mimi. Mimi ni karani wa mapokezi katika zahanati, naandika majina na kuwaambia watu wakae pale. Lakini nyumbani nilikuwa nusu ya kipimo. Nguo inayopimwa hufuliwa mara mbili, jioni ya siku ya tatu na jioni ya siku ya sita, na mfuaji ni mimi, kwa sababu mume wangu anakamua nguo kama anayeinyonga. Nafua uani kwenye beseni, kisha nachota yale maji kwenye kikombe cheupe na kuyatazama kwenye mwanga. Yeye anasimama mlangoni na daftari.

"Daktari," ananiuliza, "imechuja?"

Daktari ni mimi. Alinipa cheo hicho kwa utani, kwa sababu ya zahanati na kwa sababu ya kikombe. Nikijibu imechuja, anaandika imechuja. Nikijibu haijachuja, anaandika haijachuja. Hakuwahi kuja kutazama kikombe mwenyewe. Hata mara moja.

Na kuna jambo jingine dogo ambalo lazima ulijue. Mume wangu haendi popote bila fulana ya ndani. Alizaliwa na kifua kibovu, mama yake akamwapiza asiachie kifua wazi, na mama yule amefariki miaka sita sasa lakini amri yake bado inafuatwa. Jua liwake, ajikaushe jasho kwa leso mbili, fulana iko palepale. Nilikuwa nikimtania kwamba siku ya kiyama ataomba ruhusa ya kufufuka nayo. Sikuwaza kwamba mtu anayepima nguo kwa mwili wake alikuwa amelaza kitambaa kingine katikati ya nguo na mwili. Wala yeye hakuwaza.

Kaka yangu ndiye aliyenilea. Wazazi walipotutoka nilikuwa darasa la tano, yeye ana miaka kumi na tisa, akaingia kiwanda cha nguo, idara ya rangi, na mshahara wake ndio ulionivalisha sare hadi nikamaliza. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na mikono yenye kucha za buluu na wazo moja kichwani: kutengeneza mashati yake mwenyewe. Akanunua jora la pamba, akaweka mapipa mawili nyuma ya nyumba, akatia rangi mwenyewe, akakata, akamtafuta fundi wa kushona. Chapa yake akaiita Ngazi. Kingazi kidogo cha uzi mweusi, vidato vitatu, mwishoni mwa mkono wa kushoto, hukioni mpaka mtu akupe mkono.

Lilikuwa shati zuri, sitasema uongo wa pili juu ya wa kwanza. Halina kola, limekaa mabegani bila kubana, na rangi yake ni kijani kizito cha chupa. Alishona arobaini. Kwa miezi miwili aliuza matatu, mawili kati ya hayo kwa jirani aliyemwonea huruma.

"Mwambie shemeji alipime," akaniambia.

Mume wangu alikataa. "La shemeji silipimi. Likiwa zuri watasema nimependelea, likiwa baya sitaweza kukaa naye meza moja."

"Kwa hiyo mtu wa nje anafaa na ndugu hafai?" nilimuuliza. "Kosa lake ni kunizaa?"

"Hajakuzaa."

"Amenilea! Ni nini tofauti?"

Nilimsumbua wiki mbili. Mwishowe akalichukua lile shati, akalitundika, akalitazama muda mrefu. Akasema, "Sawa. Lakini litapimwa kama la mgeni." Nikasema ndiyo, kama la mgeni. Hayo ni maneno yangu mwenyewe.

Siku ya tatu, jioni, nililitia majini. Maji yakageuka kabla sijaweka sabuni. Nguo nyingi hutoa kidogo mara ya kwanza, lakini hii haikutoa kidogo. Kikombe kilikuwa kijani hata upande wa pili huuoni. Na fulana zake tatu za siku tatu, ambazo yeye huvua usiku taa imeshazimwa, kwenye kapu la nguo chafu, zilikuwa na madoa makwapani na duara shingoni, mithili ya mtu aliyelalia majani mabichi.

"Daktari, imechuja?"

Nilikuwa nimempa mgongo. Kichwani nilimwona kaka yangu akinishonea kifungo cha sare kwa taa ya mafuta, ulimi nje, kwa sababu hakujua kushona wakati ule. Nikamwaga kikombe kwenye mchanga.

"Haijachuja," nikasema.

Nikasikia kalamu ikiandika.

Siku ya sita niliweka chumvi kwenye maji, nikajiambia chumvi itaishikisha rangi. Haikuishikisha. Fulana sita niliziloweka kwenye dawa ya kung'arisha hadi mikono ikaniwasha, nikazianika nyuma ya shuka. Aliniuliza, nikajibu tena, na mara hii mdomo haukuwa mzito hata kidogo. Hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo, jinsi mara ya pili ilivyokuwa nyepesi.

Jumapili akaandika: "Shati la Ngazi. Limeshonwa na mtu wa nyumbani kwetu, nalisema ili mnihukumu. Mabega yamekaa, mshono haukusogea, limefuliwa mara mbili na halikuchuja. Vaa."

Jumatatu asubuhi alipigiwa simu na meneja wa hoteli mpya iliyokuwa inafunguliwa Jumamosi, saa sita mchana. Sare za wahudumu wake zilikuwa zimekuja siyo, zimebana na zinang'aa kama karatasi za peremende. Meneja huyo, mama mmoja, alikuwa akimfuata mume wangu kwenye simu mwaka mzima. Alitaka wahudumu kumi na mmoja, kila mmoja mashati mawili. "Nataka nguo iliyopita kwako," alisema, "mimi sina siku saba." Hakuna hoteli iliyowahi kumpa mume wangu watu wa kuwavisha. Alitembea chumba kizima ameshika simu iliyokwisha kukatwa. Kaka alipopata habari alilia kwenye simu, mwanamume mzima wa miaka hamsini.

Mimi nikaenda kazini.

Wiki ile sikulala sawasawa. Nilikuwa nikijipa moyo: mashati mengine huenda yalitoka pipa jingine. Wahudumu huenda wana fulana. Mwongo ana hesabu zake, na zote hutoka sawa mpaka aulizwe.

Ijumaa mchana nilikuwa dirishani pa mapokezi, nikafungua ukurasa wa mume wangu. Kijana mmoja aliyenunua shati kwa kaka alikuwa ameandika kwa adabu kabisa: "Kaka mkubwa, hili shati limenipaka rangi kwapani na mgongoni, ni kawaida?" Na chini yake, jibu la mume wangu: "Lilifuliwa mara mbili nyumbani kwangu kwa macho ninayoyaamini kuliko yangu. Angalia sabuni yako." Watu zaidi ya mia walikuwa wamemcheka yule kijana. Mmoja alimwambia aanze kuoga.

Mgonjwa aliyekuwa mbele yangu aliniuliza kama mimi ndiye mgonjwa.

Nilitoka nyuma ya zahanati nikampigia kaka. "Niambie ukweli. Rangi uliishikisha?"

"Dawa ilipungua kidogo, pipa la mwisho. Si vibaya sana. Wakifua mara mbili tatu itatulia."

"Mashati ya hoteli ni ya pipa gani?"

"La mwisho."

"Na lile la kupimwa?"

"Hilohilo. Lakini wewe ulisema halikuchuja." Sauti yake ikashuka. "Mdogo wangu, ulisema. Mimi nikajua basi, Mungu kanisaidia. Usinifanyie hivyo sasa. Damu nzito kuliko maji."

Nikakata simu. Maji niliyoyaona mimi yalikuwa mazito ya kutosha.

Jioni ile mume wangu alirudi kutoka hotelini akiwa mtu mwingine. Alikula amesimama. Alinieleza ukumbi ulivyo, dirisha hadi dirisha, na kwamba mashine za baridi bado hazijawekwa kwa hiyo wataacha milango wazi. "Na meza," akasema, "meza zote zimefunikwa vitambaa vyeupe. Vyeupe pe! Kijani kile juu ya vitambaa vile, utaona kesho."

Niliona palepale. Mikono kumi na moja yenye jasho, kingazi kidogo mwishoni mwa mkono, ikiinama kuweka sahani mbele ya watu wakubwa. Nikaenda chooni, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikashindwa hata kulia.

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa anajiandaa. Lile shati lake la kipimo nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe. Fulana alishaivaa. Alikuwa anapiga mluzi, na mume wangu hapigi mluzi.

"Vua fulana," nikasema.

"Eh?"

"Vua hiyo fulana. Vaa shati peke yake."

Akacheka. "Leo ndiyo unataka niugue?"

"Ilichuja," nikasema. "Mara zote mbili. Ya kwanza ilichuja, na ya pili ilichuja na chumvi. Fulana zako zote zilipakwa rangi, nikaziloweka kwenye dawa. Nilikudanganya."

Mluzi ulikuwa umeshakatika. Alinitazama, akatazama shati mkononi, akaenda chumba cha mbele. Nilimsikia akifunua daftari. Karatasi moja, mbili, akasimama. Nilijua anasoma nini, maneno yangu kwa mwandiko wake. Nilitaka apige kelele. Ningepewa tusi moja tu ningelishika kama kamba. Alirudi, akavua fulana, akaikunja vizuri, akaiweka kitandani upande wangu. Akavaa shati juu ya ngozi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitoka nje hivyo tangu anioe.

"Tusipande gari," akasema. "Tutembee."

Hakuniambia nibaki, nikamfuata. Ni mwendo wa nusu saa na zaidi, barabara haina kivuli, na yeye alikwenda kwa mwendo wa mtu anayewahi maiti. Sikuweza kuwa ubavuni mwake. Nilimfuata hatua kumi nyuma, nikatazama mgongo wa kaka yangu, yaani lile shati, ukilowa, ukizidi kuwa mweusi. Tulipofika langoni viganja vyake vilikuwa na mistari ya kijani katikati ya vidole.

Wahudumu walikuwa wamepangwa ukumbini wakikaguliwa, kumi na mmoja, mashati mapya, wamependeza hata roho ikaniuma. Meneja alitujia na tabasamu. Mwanamke mwembamba, miwani juu ya kichwa, saa mbili mkononi, moja ya kazi na moja ya urembo.

"Siku Saba! Umewahi."

"Naomba kitambaa kimoja cha meza," mume wangu akasema.

Hakusubiri. Alikwenda meza ya karibu, akaweka mkono juu ya kitambaa, ule wa kingazi, akaukandamiza, akauburuta taratibu hadi pembeni. Ulibaki mstari wa kijani wa urefu wa mkono wake. Akafungua vifungo viwili vya juu. Kifua chake, kile kilichofichwa miaka arobaini, kilikuwa cha rangi ya chupa.

"Nilikwambia halichuji," akasema. "Linachuja. Wavue kabla hawajagusa meza."

Mhudumu mmoja alianza kujitazama makwapa.

"Ulipima siku saba," meneja akasema polepole. "Niliamini kwa sababu hiyo. Nani alifua?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikafungua mdomo, na mume wangu, bila kugeuka, akainua kiganja nyuma yake kuninyamazisha.

"Kipimo ni changu," akasema. "Na nilikuwa navaa fulana ndani. Ningekuwa nimelivaa shati nilivyowaambia watu walivae, ningejua siku ya kwanza."

Yule mama aliteremsha miwani, akamtazama kifua, akatazama saa, sijui ipi. "Nilikuchukua ili nisipime mwenyewe," akasema. "Sasa nina saa mbili na robo." Akawageukia wahudumu: kila mtu avae shati jeupe alilojia kazini. Walikuwa nayo saba. Manne mume wangu aliyakimbilia nyumbani, kwenye bomba lake, na akayapiga pasi palepale jikoni mwa hoteli, hana shati, amefungwa taulo mabegani, mgongo wa kijani, wapishi wakimpita bila kusema kitu. Sherehe ilifanyika. Hakuna mgeni aliyejua. Meneja hakumpigia simu tena.

Jumapili hakuweka picha ya nguo. Aliweka picha ya kifua chake. "Siku ya nane. Shati la Ngazi linachuja. Nililoandika wiki iliyopita si kweli, na kosa ni la nyumbani kwangu. Kijana niliyemwambia aangalie sabuni, nisamehe mbele ya watu kama nilivyokuaibisha mbele ya watu. Wenye mashati hayo nileteeni, chagueni nguo kwangu." Wakaja. Hadi Jumatano bomba lilikuwa na hanga mbili zenye nguo na kumi zinazogongana upepo ukipita. Jina langu hakulitaja popote. Mtu mmoja aliandika chini ya ile picha, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaweka alama za kicheko, na mimi nikahisi amepiga hodi mlangoni kwangu.

Kaka alikuja kuchukua mashati yake. Hakuingia ndani. "Umenivua nguo mbele ya watu," akaniambia mimi, si mume wangu, na akaondoka na mafurushi mawili, moja kila bega. Nilimwita. Hakugeuka. Nilimpigia kila wiki na hakupokea.

Na mume wangu? Hakunipiga, hakunitukana, hakunihamishia kwa ndugu. Tulikula, tulicheka mambo ya redioni, alinishika mkono barabarani. Alianza tena na nguo moja moja. Ila fulana aliacha, na kufua alianza. Jioni ya siku ya tatu namwona amechutama uani kwenye beseni langu, anainyonga nguo, mapovu mpaka viwikoni, anachota maji kwenye kikombe changu cheupe, anainua kwenye mwanga, anaandika. Hakuniuliza kitu. Miezi minne sikuitwa Daktari. Nilikuwa natamani kosa langu liwe kubwa zaidi, aniadhibu, tumalize.

Mwezi wa tano kaka alikuja. Alipita mbele yangu kwa salamu fupi, akaenda kwa mume wangu, akampa kifurushi. Shati lilelile, kijani kilekile, kingazi palepale.

"Shemeji," akasema, "nimebadilisha dawa. Nipimie kama mgeni."

"Kama mgeni," mume wangu akajibu.

Alilivaa juu ya ngozi. Siku ya kwanza nilimtazama shingo alipovua. Siku ya pili nilimtazama tena. Safi. Nilianza kuomba, mimi nisiyekumbuka kuomba ila treni ikichelewa.

Siku ya tatu, jioni, alifua kama kawaida. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua mchele. Akanyanyuka, akaja na beseni zima, maji yakimwagikia miguuni, akaliweka mbele yangu. Kando yake akaniwekea kikombe cheupe, kitupu. Kisha akaenda kusimama mlangoni, nyuma yangu, na daftari.

"Daktari," akasema. "Imechuja?"

Nikaweka ungo chini vibaya, mchele ukamwagika. Nikachota. Nikainua. Si kama ile mara ya kwanza, hapana, upande wa pili niliuona. Lakini maji hayakuwa meupe. Yalikuwa na kijani chepesi sana, cha kuonekana na mtu anayetaka kuona. Ningeweza kusema kidogo. Ningeweza kusema ni povu. Kaka yangu alikuwa amekaa kwake anasubiri majibu.

"Imechuja," nikasema.

"Sana?"

"Umeniuliza imechuja au haijachuja."

Hakuandika. Aliniletea daftari lenyewe, likiwa wazi, na kalamu juu yake. Nikaandika kwa mkono wangu, mwandiko wa karani, imechuja, na tarehe. Akasoma, akalifunga, akachutama akaanza kunisaidia kuokota mchele.

Kisha nikachukua simu. Nilidhani hatapokea simu yangu, kama miezi yote ile, lakini safari hii alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Kaka," nikasema, "imechuja."

Nikasubiri akate.

"Ni kile kikombe cheupe?" akauliza.

"Kilekile."

"Imechuja kiasi gani? Niambie vizuri, usinihurumie."

"Unaona kitako cha kikombe, ila kijani kipo."

"Ngoja," kaka akasema. "Usikate. Ngoja nitafute kalamu."